Koti Juu ya Paa la Got Tula

Sehemu ya tisa

Jerusha hajabadilisha neno hata moja. Anasema ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko, naye anakunja meza yake ya mandazi pale langoni mwa shule. Akasikia bati likilia. Akainua macho. Juu ya darasa jipya la viziwi amesimama Mwalimu Austine, amevaa koti lake la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni, ziwa amelipa mgongo.

Mwalimu Austine ambaye saa ile ile alikuwa ndani ya jeneza, sebuleni kwake, akingoja kuzikwa kesho yake.

Anasema marehemu alipiga magoti juu ya bati. Akachomoa kitu kama mkuki, polepole, kama mtu anayechomoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Akakipakata. Akashuka upande wa pili. Jerusha hakungoja kuona zaidi. Aliacha sufuria, aliacha mafuta, aliacha mandazi thelathini. Hayo mandazi, anasema, hata mbwa wa shule hawakuyagusa.

Wiki jana tulimwacha Achieng, mtazama-watoto wa darasa lile, ameshika mlango wa ua wa Fanuel, mdogo wa marehemu, na koti lenyewe linamjia. Kahawia. Viraka viwikoni. Kifungo cha pili hakipo, kile alichokishona Achieng kwa mkono wake kikakatika tena.

Achieng hakukimbia. Si kwamba ni shujaa. Alitaka kuuona uso kwanza.

Mtu wa koti akainua uso. Alikuwa Fanuel.

"Ni mimi niliyepanda," alisema kabla ya kuulizwa. "Huyo mama wa mandazi aliniona mimi."

Achieng akamuuliza alipanda kufanya nini. Fanuel huchoma matofali, ua wake wote ni matofali. Akakaa juu ya moja, akaitazama mikono yake.

"Kushusha osuri ya ndugu yangu."

Kwa msomaji wa mbali: Mjaluo akishajenga boma lake, juu kabisa ya paa husimama kijiti kirefu chenye ncha. Hicho ndicho osuri. Apitaye njiani akikiona anajua mwenye boma yu hai. Mwenye boma akifa, kinashushwa. Kikiachwa kimesimama, ni kama kumwita marehemu kila asubuhi aje kazini.

Na darasa la viziwi la Got Tula lilikuwa na chake. Chuma chembamba, kirefu kuliko mtu, ncha yake inameta juu ya bati la serikali. Siku kilipowekwa, Mwalimu Austine alipiga makofi akawaambia wazazi kwamba sasa amesimamisha osuri yake, boma lake ni hapa. Wazazi walicheka mpaka wakafuta machozi. Achieng alikuwepo, naye alicheka. Fanuel peke yake hakucheka.

"Ya chini, ya nyumbani kwake, tulikuwa tumeshaishusha," Fanuel alisema. "Hii ya juu ikabaki. Sasa mtu atalala vipi nusu?"

"Na koti?"

"Nilivaa ili nyumba isinikatae."

Achieng alisikia machozi yanamjia. Aliona ni haki tupu. Mtu amemfanyia ndugu yake kazi ya mwisho, na kwa kazi hiyo kijiji kizima kimehama darasa.

Maana walikuwa wamehama. Tangu Jerusha aone alichokiona, hakuna mzazi aliyemleta mtoto. Wiki tatu madawati mapya yanashika vumbi. Na barua ilikuwa imefika kutoka Homa Bay, kwa Bi Bathsheba, afisa wa watoto wenye mahitaji maalum. Hakuandika kwa ubaya. Aliandika kwamba atakuja Ijumaa na sanduku la vifaa vya masikio. Akikuta watoto, sanduku linabaki, na mwalimu aliyesomea viziwi ataletwa muhula ujao. Akikuta darasa tupu, sanduku, madawati na mwalimu vyote vinakwenda shule moja upande wa Migori, ambako watoto wamekaa wakingoja.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Achieng ana miaka kumi na tisa. Shule yake iliishia darasa la nane. Mwalimu Austine ndiye aliyemwandika kazi ya kuwaosha, kuwalisha na kuwatazama watoto wa darasa lile, kwa sababu mdogo wake Liz alikuwa mmoja wao na mikono ya Achieng ilishajua kuongea. Liz alipoteza masikio kwa homa akiwa na miaka miwili. Kabla ya darasa kujengwa, mama yao akienda shamba alimfunga Liz kamba kiunoni, mwisho wa pili kwenye nguzo ya jikoni, asije akatangatanga barabarani akagongwa na gari asilolisikia. Hakuwa mama mbaya. Hakuwa na njia nyingine.

Kamba hiyo bado ipo. Imening'inia nyuma ya mlango. Wiki ya pili ya darasa kuwa tupu, mama aliishusha, akaipangusa vumbi, akairudisha bila kusema kitu.

Kwa hiyo Achieng, ambaye kazi yake ni kutazama, siku hiyo aliona alichotaka kuona. Hakuna mzimu. Na tena osuri imeshuka, basi Mwalimu amelala. Alimshika Fanuel mkono akamwomba kesho watembee pamoja, na koti avae.

Hakuuliza kile chuma kiko wapi. Swali hilo moja, msomaji, lingewapa siku mbili.

Alhamisi walizunguka boma kwa boma. Walianza na Jerusha, maana moto huzimwa ulikowashwa. Fanuel akasimama mbele ya meza ya mandazi na koti lake. Jerusha akamzunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Aliyekuwa juu alikuwa mnene kidogo," alisema.

Fanuel akamjibu kwamba msiba umemkondesha. Waliokuwa wakinunua wakacheka, kicheko cha kwanza pale langoni tangu mazishi. Jerusha ni Mkuria wa Kehancha aliyeolewa huku, mambo ya osuri hakuyajua. Akaelezwa. Akatikisa kichwa, akasema sawa, kila watu na yao. Kisha akakunja kitambaa chake vizuri, akauliza jambo ambalo lilizima kicheko.

"Huyu ndiye aliyepanda. Haya. Na anayegonga ni nani?"

Kulikuwa na kugonga. Hilo hakuna aliyelibisha. Mwalimu Austine hakuwaita watoto wake kwa sauti, angewaitaje? Alipiga sakafu kwa kisigino, mara tatu, nao walimsikia kwa nyayo. Mara tatu maana yake kaeni, tulieni, nitazameni. Siku alipoanguka mbele ya ubao chaki mkononi, watoto walikuwa wameinama wanaandika. Waliujua mwanguko wake kwa miguu kabla ya kuuona kwa macho.

Na tangu azikwe, mchana upepo ukipanda kutoka ziwani, ndani ya darasa lililofungwa kulisikika kugonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Achieng alisema ni bati. Alilisema haraka.

Lakini wazazi walikubali. Kilichowashinda si maneno ya Achieng, ni osuri. Kila boma walipofika, Fanuel alieleza alichofanya, na kila boma watu walipumua. Imeshashuka, walisema. Basi amekwenda. Mama mmoja alianza kumtafutia mwanawe sare pale pale, huku wanaongea.

Ijumaa asubuhi watoto kumi na tisa walipanda mlima wa Got Tula. Hakukosa hata mmoja.

Fanuel alikuja na matofali ya kuweka mlangoni, tope lilikuwa jingi, mvua hizi ambazo redio inaziita El Nino hazikuwa zimeacha njia nzima. Alikuwa amevaa koti. Watoto wakageuka wote kwa pamoja. Kumi na tisa wakainua mkono wa kulia, wakagusa kiwiko cha kushoto.

Hilo ndilo lilikuwa jina la Mwalimu. Kwa viraka vya koti. Mbele ya watoto wasiosikia kila mtu ana jina la mkono, na lake lilikuwa hilo.

Liz akatoka kwenye dawati. Akaenda mpaka kwa Fanuel, akaushika mkono wa koti, akaunusa. Akamgeukia dada yake, akamwambia kwa vidole: si yeye. Kisha akarudi kukaa, na Fanuel akatoka nje akakaa muda mrefu bila kushika tofali.

Bi Bathsheba alifika saa tano, mapema kuliko alivyoandika, gari la serikali limepakwa tope mpaka vioo. Alivua viatu mlangoni asichafue sakafu. Aliwatazama watoto, akayatazama madawati, akasema taratibu kwamba huko Homa Bay walikuwa wameshamwambia atakuta popo. Halafu akafungua sanduku lenye muhuri, akaketi kwenye dawati dogo kama mwanafunzi, akaanza kuwavalisha watoto vifaa, sikio kwa sikio. Kazi ya kutwa nzima, alisema. Saa sita na nusu alikuwa amewafikia watatu. Wa nne alikuwa Liz.

Achieng alisimama karibu, ashike mikono ya mdogo wake. Bi Bathsheba akazungusha kitufe kidogo kama punje ya mtama. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha Liz. Hakuna. Akazungusha tena.

Nje upepo ulikuwa umeanza kupanda.

Liz akashtuka. Macho yakamtoka. Akageuza kichwa, si upande wa Bi Bathsheba bali upande wa ukuta wa ubao. Sauti ya kwanza aliyoisikia tangu awe na miaka miwili. Na mkono wake wa kulia, bila haraka, ukagusa kiwiko cha kushoto.

Mara tatu.

Watoto wote waliisikia kwa nyayo. Wakaacha kucheza. Wakakaa wima, mikono juu ya dawati, wakautazama ubao mtupu, kama walivyofundishwa.

Bi Bathsheba akauliza nani anagonga. Hakuwa na woga, hakujua kitu. Achieng alisema anakwenda kutazama. Alitoka akazunguka darasa, mkono mmoja unaufuata ukuta ili usimpoteze.

Nyuma ya ukuta wa ubao alimkuta mtu amesimama.

Ni Maroa. Fundi wa Kehancha, ndiye aliyeezeka lile paa, na leo alikuwa ameitwa kuja kubadilisha bawaba za mlango. Alikuwa ameshika ukanda wa waya wa shaba uliotoka juu ya paa, umekatika, unaning'inia. Akauachia. Upepo ukaubeba, ukaupiga ukutani mara tatu, ukatulia.

"Hii ndiyo inawagongea," alisema.

Achieng alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani mabichi, wiki tatu za hofu zikamtoka kwa mdomo. Alipoinua kichwa aliona Maroa hacheki. Alikuwa anatazama juu.

"Dada, chuma kiko wapi?"

Achieng akamweleza. Osuri, mwenye boma, Fanuel, koti. Maroa alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayeelekezwa njia ambayo ameshaipita.

"Mimi osuri siijui," alisema. "Mimi nilisimika chuma cha radi. Radi ikija inakamatwa na kile chuma, inashuka na huu waya, inazikwa ardhini, watoto hawajui kitu. Serikali ilikataa kutoa bati mpaka iandikwe kwamba kitakuwepo, kwa sababu ya huu mlima. Mwalimu alikuwa na karatasi."

Karatasi Mwalimu aliisoma peke yake. Kwa watu alifanya mzaha.

Achieng aliutazama mlima wa Got Tula kama ndiyo anauona leo. Hakuna nyumba iliyo juu kuliko darasa. Hakuna mti. Ule mvumo wa ngurumo amekua nao, kila mtu anajua mvua za ziwani zinavyokuja na moto. Mbuzi wa Jerusha wawili walikwenda hivyo mwaka jana, wamesimama, na nyasi mdomoni.

Na watoto wa darasa hili ngurumo haiwaambii kitu.

Akamuuliza Maroa kama amwambie Bi Bathsheba. Maroa akasema yule mama akijua lazima afunge darasa leo leo, sheria ni hiyo, wala hana makosa. Sanduku litarudi garini. Chuma kingine ni mpaka Kisumu, na kwa barabara hizi zilizokatwa na maji ni mwezi, labda miwili. Migori hawatangoja miezi miwili.

"Nikiwa nacho mkononi," alisema, "nakirudisha kwa nusu saa."

Wote wawili wakatazama ziwani. Wingu lilikuwa nyuma ya kisiwa cha Mfangano, jeusi, chini limenyooka kama limekatwa na panga. Kisiwa bado kilionekana chote.

Wakapatana. Maroa angesimama pale pale, macho kwa Mfangano. Kisiwa kikifunikwa na mvua, anaingia darasani anawatoa watoto wote kumi na tisa, anawashusha mpaka kanisani chini, na anamwambia Bi Bathsheba kila kitu.

"Hata kama darasa linakwenda," alisema Maroa.

"Hata kama linakwenda," alisema Achieng.

Fanuel alikuwa bado ameketi kando ya matofali. Achieng alimuuliza lile swali ambalo hakuliuliza Jumatano. Alimweleza na kwa nini. Uso wa Fanuel ukawa wa kijivu, kama tofali lisiloiva. Akaanza kulivua koti, mkono mmoja, akasahau mwingine.

"Nimemlaza nacho," alisema.

Walipokuwa wanafukia, alikitia. Si chini kwenye jeneza. Katikati ya udongo, upande wa kichwa, kina cha mkono mmoja. Aliona ni cha ndugu yake, aende nacho. Saruji bado haijawekwa.

Achieng akamwambia basi achukue jembe. Fanuel akatikisa kichwa.

"Mimi niliweka, siwezi kutoa. Ukifungua kaburi la mtu bila neno la mwenye boma, hata hao watoto unaotaka kuwaokoa utawatia kitu kingine. Kamuulize Phelesia."

Achieng aliteremka mlima akikimbia, anateleza, anainuka.

Boma la Mwalimu Austine liko chini kidogo ya shule. Phelesia, mjane wake, tangu mazishi hajavuka ua. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, kichwa kimenyolewa, anachagua maharagwe kwenye ungo. Kaburi liko mbele yake, hatua sita, udongo wake bado mwekundu. Juu ya paa, pale palipokuwa na osuri, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa nyasi.

Achieng alipiga magoti kwenye tope. Alieleza habari ya chuma na radi bila kupumzika, mpaka ule mkono wa Liz ukigusa kiwiko. Phelesia hakumkatiza. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe, moja, lingine, mpaka Achieng aliposema neno kaburi. Hapo vikasimama.

"Mama," Achieng alisema, "naomba ruhusa tulifungue. Upande wa kichwa tu. Kina cha mkono mmoja. Nitafukua mimi mwenyewe, kwa vidole, jembe lisimguse."

Phelesia alimtazama. Halafu akalitazama kaburi, kama wanawake wanavyomtazama mume mezani kabla ya kujibu mgeni.

Upepo ukapanda. Kutoka juu ya mlima, kwa utulivu kabisa, kukaja kugonga. Mara tatu.

Achieng anajua ni waya. Amemwona Maroa ameushika. Lakini Phelesia hajui, maana katika haraka ile Achieng hakuutaja waya. Aligeuza uso kuelekea shule kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoijua. Akauweka ungo chini. Mkono wake wa kulia ukapanda, ukagusa kiwiko cha kushoto, ukabaki hapo.

Achieng alingoja. Huko darasani hilo ni jina tu. Si ndiyo, wala si hapana.

Akageuka kutazama ziwani. Palipokuwa na Mfangano kulikuwa na weupe wa mvua, saa ya Maroa kuwatoa watoto.

"Mama," alisema tena. "Nifukue?"

Phelesia alikuwa ametazama mlima, ameshika kiwiko.

Itaendelea wiki ijayo.